Kujitambua Ndotoni: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Abiria apandaye matatu ya usiku mjini Nakuru na kumwambia kondakta kwamba atashukia Ahero, mara nyingi huwa amelala fofofo kabla ya gari kufika Kericho. Hata hivyo, gari likishapita Awasi na joto la tambarare ya Kano likaanza kuingia dirishani, yeye hufumbua macho, akapapasa mzigo wake na kuwa tayari kabla hajaitwa. Hakuna aliyemwamsha. Nia aliyoiweka wakati wa kupanda ndiyo iliyobaki macho yeye alipolala. Mbinu karibu zote zinazofundishwa kuhusu kujitambua ndotoni ni njia za kupanda nia ya namna hiyo na kuisubiri iote, na ndiyo maana nitarudia mara nyingi katika mwongozo huu kwamba kazi yenyewe ni kazi ya kumbukumbu.

Kujitambua ndotoni ni kujua, ungali umelala na ndoto ikiendelea, kwamba unachokiona ni ndoto. Hakuna zaidi ya hapo kinachohitajika ili ndoto ihesabiwe kuwa ya kujitambua. Wengi hudhani kwamba ni lazima uruke juu ya Ziwa Viktoria au uamrishe watu watokee na kutoweka, lakini kuielekeza ndoto ni hatua ya baadaye ambayo wengine huifikia na wengine hawaifikii.

Jambo hili si la mazingaombwe. Frederik van Eeden, daktari wa magonjwa ya akili wa Uholanzi, alilipatia mwaka 1913 jina ambalo wataalamu wanalitumia mpaka leo, ingawa kwa miongo mingi wanasayansi wengi walishuku kwamba wanaodai kujitambua ndotoni walikuwa wameamka kidogo tu. Shaka hiyo ilijibiwa kwa kutumia macho. Wakati wa usingizi wenye ndoto nyingi, misuli ya mwili hulegea kabisa isipokuwa michache, ikiwemo ile ya kupumua na ile inayozungusha macho. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alimpima Alan Worsley, ambaye walikuwa wameafikiana kwamba akijitambua ndotoni atapeleka macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Worsley alifanya hivyo, na mashine ikaandika ishara hiyo huku ubongo wake ukionyesha kwamba bado amelala. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifikia matokeo kama hayo kwa njia yake mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1981. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walikwenda mbele zaidi, wakawauliza watu waliolala hesabu ndogo, kama vile nane kutoa sita, na baadhi yao wakajibu kwa macho kutoka ndani ya ndoto.

Wala si jambo la watu wachache. Uchambuzi wa tafiti za miaka 50, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba asilimia 55 hivi ya watu wamewahi kujitambua ndotoni walau mara moja maishani, na kwamba asilimia 23 hivi hupatwa na hali hiyo mara moja kwa mwezi au zaidi. Huenda nawe uliwahi utotoni, ukasahau.

Usingizi wenyewe

Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko huishia katika kipindi cha ndoto nyingi ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Vipindi hivi havilingani. Cha kwanza ni cha dakika chache, bali vya mwisho, karibu na mapambazuko, vinaweza kufika nusu saa au zaidi. Anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi hupata sehemu kubwa ya ndoto zake baada ya saa tisa. Anayelala saa sita na kurauka saa kumi kuwahi gari la kazini huwa amejikatia sehemu ile ile aitakayo, na hakuna mbinu itakayomfidia.

Kwa hiyo, kwa muda wa wiki mbili, lala saa saba au nane kila usiku, ukienda kitandani na kuamka kwa saa zile zile. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tumepata msaada ambao watu wa nchi za kaskazini hawana, kwa sababu jua letu huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima na mwili huzoea haraka. Punguza pombe, kwa kuwa hufinya usingizi wa ndoto hasa katika nusu ya kwanza ya usiku. Bangi nayo hupunguza ndoto.

Daftari la ndoto

Hapa ndipo wanaoanza wengi huharakisha, na hapa ndipo ninapokusihi ukae. Ndoto usiyoikumbuka haina faida kwako hata kama ulijitambua ndani yake, kwa maana utaamka ukiwa na hakika kwamba hukuota chochote. Nunua daftari la kurasa mia moja na kalamu, uviweke ndani ya chandarua, kando ya mto. Nasema ndani ya chandarua kwa makusudi. Mtu anayeamka, akainua neti, akatafuta tochi kwa sababu stima imepotea, kisha akaangalia kama kuna mbu aliyeingia, atakapoketi kuandika atakuwa amebakiwa na hisia tu kwamba kulikuwa na ngazi mahali fulani.

Ukiamka, usigeuke wala kufungua macho mara moja. Mwili unapobadilisha mkao, ndoto hutawanyika kama omena, wale dagaa wa ziwani, waliomulikwa kisha taa ikazimwa. Jiulize kwanza: nilikuwa wapi sasa hivi? Ukipata kipande kimoja, kishike na urudi nyuma kutoka hapo, kwa kuwa ndoto hukumbukwa kwa urahisi zaidi kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Zikikosekana picha, tafuta hisia, maana hofu au furaha iliyobaki kifuani mara nyingi huivuta picha yake. Kisha andika, hata kama ni maneno matatu. Andika maneno kwa lugha iliyosemwa ndotoni. Mimi huota nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kijaluo, na nilipokuwa nikiyatafsiri yote kwa Kiswahili sanifu asubuhi, nilijikuta nimeandika insha badala ya ndoto.

Wapo wanaorekodi kwa sauti kwenye simu. Nilijaribu kwa mwezi mmoja, nikaacha. Kila nilipofungua simu, nilikuta ujumbe wa kikundi cha ploti yetu kuhusu zamu ya kufagia ua, na kabla sijamaliza kuusoma, ndoto ilikuwa imekwenda.

Asiyekumbuka chochote kwa siku kadhaa asikate tamaa. Aandike tarehe na neno "hakuna", kwani kule kufungua daftari kila asubuhi ndiko kunakoufundisha ubongo kwamba jambo hili lina maana. Kwa wengi, baada ya wiki mbili au tatu, ukurasa haubaki mtupu. Usianze mbinu zinazofuata mpaka uwe na uwezo wa kukumbuka walau ndoto moja kwa kila usiku.

Kuna wanaoniuliza kama kuandika ndoto namna hii kunadharau maana ya ndoto kwa wazee wetu. Kwa Waluo, jamaa aliyefariki akija ndotoni kuomba mtoto aitwe kwa jina lake, jina hilo la juogi, yaani la roho ya marehemu, hutolewa, na hakuna daftari litakalobadilisha hilo. Mwongozo huu hauulizi ndoto ina maana gani. Unauliza tu ni kitu gani ndani yake kingekuambia kwamba umelala.

Ishara zako

Ukishaandika ndoto ishirini hivi, chukua kalamu nyekundu, uzipitie na kupigia mstari kila kitu kisichoweza kutokea ukiwa macho, na kila kitu kinachojirudia. Utashangaa jinsi akili yako isivyo na mambo mengi. Katika daftari langu la kwanza nilikuta mambo matatu yakirudi: niko kidato cha nne, karatasi ya hisabati imeanza na sina kalamu, nyanya yangu, aliyefariki miaka mingi iliyopita, anauza omena sokoni Kibuye, hapa Kisumu, na ziwa liko upande usio wake, kiasi kwamba nikishuka kutoka Kondele nalikuta mbele ya msikiti. Hizi huitwa ishara za ndoto. Ni zako peke yako, na orodha ya mtu mwingine haitakusaidia. Chagua moja au mbili zinazojirudia zaidi, uzikariri.

Vipimo vya mchana

Kipimo ni tendo dogo unalolifanya ukiwa macho ili ujue kama unaota, kwa matumaini kwamba mazoea hayo yatakufuata usingizini. Ninachokiamini zaidi ni cha pua. Ziba pua kwa vidole, funga mdomo, ujaribu kuvuta pumzi taratibu. Ukiwa macho hutaweza. Ndotoni, mara nyingi, hewa huingia kana kwamba pua haijazibwa, kwa sababu mwili wako halisi unaendelea kupumua kitandani.

Kipimo cha pili ni cha maandishi. Soma kitu, tazama pembeni, kisha ukisome tena. Maandishi ya ndotoni huwa hayatulii. Ujumbe wa M-Pesa unafaa sana hapa, kwa kuwa ukisoma salio mara ya kwanza na kukuta shilingi 640, ukasoma tena na kukuta 6,400, kisha neno usilolijua, una sababu nzuri ya kushuku. Jina lililochorwa ubavuni mwa matatu pia linafaa. Wengine huhesabu vidole, ambavyo ndotoni huweza kuwa sita au kuyeyukiana.

Kosa kubwa ni kufanya vipimo kama mtu anayejikuna. Anayeziba pua mara hamsini kwa siku huku akiwaza bei ya unga atakuja kuziba pua ndotoni huku akiwaza bei ya unga, asione ajabu yoyote hewa inapoingia. Afadhali mara nane zenye uzito. Simama, uulize kwa dhati: je, huenda hii ni ndoto? Nimefikaje hapa? Nilikuwa wapi dakika kumi zilizopita? Ndoto haina jibu zuri kwa swali hilo la mwisho. Unganisha vipimo na ishara zako pamoja na mambo yanayokushtua: stima inapokatika, tuktuk inapokukosakosa, unapokutana na mtu ambaye hukumtarajia. Mimi hupima kila nionapo omena, na wanaoishi Kisumu wanajua hiyo ni mara ngapi kwa siku.

Vipimo peke yake, hata hivyo, ni dhaifu. Nguvu huja vikiunganishwa na hatua mbili zifuatazo.

Kuamka kabla ya alfajiri

Tega alamu ilie saa tano baada ya kulala. Kwa aliyelala saa nne, hiyo ni saa tisa usiku. Akili ikizinduka kidogo kisha ikarudi usingizini wakati vipindi virefu vya ndoto vinakaribia, huingia ndotoni ikiwa na uangavu ambao haikuwa nao jioni. Kaa macho dakika tano hadi kumi na tano. Keti kitandani, soma ndoto yako ya karibuni kwenye daftari kwa mwanga hafifu, wala usiwashe simu. Anayelala mwepesi asizidishe dakika tano, ilhali mwenye usingizi mzito anaweza kuhitaji hata nusu saa.

Wanaoishi chumba kimoja na watoto waweke simu chini ya mto katika hali ya mtetemo, kwani nilipoanza kwa alamu ya mlio nilimwamsha jirani wa ukuta wa pili, na maelezo niliyompa saa tisa usiku hayakumridhisha. Walio karibu na msikiti wanaweza kuitumia adhana ya alfajiri bila kutega chochote. Kuna pia mbinu ya kunywa maji mengi kabla ya kulala ili kibofu kikuamshe, nami naieleza kwa ajili ya wale tu ambao choo chao si cha nje.

Usifanye hivi kila siku. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na usiku mzuri ni ule ambao kesho yake unaweza kulala hadi utakapoamka mwenyewe.

Kupanda nia

Sasa umezima taa na unarudi kulala. Mbinu hii, iliyobuniwa na LaBerge, ndiyo ile ya abiria wa Ahero, na ndiyo ningemfundisha mtu kama ningeruhusiwa kumfundisha moja tu.

Ikumbuke ndoto uliyotoka kuiota, au ya karibuni zaidi uliyo nayo daftarini, ukiipitia kwa picha badala ya maneno. Ukifika mahali penye ishara, simama. Kwangu mimi ni pale nyanya anaponiita kutoka nyuma ya meza ya omena. Ibadilishe ndoto kuanzia hapo: jione ukishtuka, ukiziba pua, ukivuta hewa na kutambua kwamba unaota. Endelea kidogo, ujione ukifanya jambo ulilokusudia. Kisha sema moyoni, taratibu na kwa kumaanisha: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba ninaota." Rudia picha, rudia sentensi. Wazo jingine likiingia, kama deni au kazi ya kesho, liache lipite na urudi kwenye picha, ili jambo la mwisho akilini mwako kabla ya kuzama liwe nia hiyo.

Sentensi hiyo haifanyi kazi kwa kurudiwa tu kama kibwagizo. Ukiisema mara mia huku moyo haupo, ni sawa na kumwambia kondakta "Ahero" huku mwenyewe hujui unakwenda wapi. Kadhalika, usiikaze hadi ukakosa usingizi. Mwaka 2017 Denholm Aspy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, aliwajaribu watu kwa wiki moja, na waliounganisha vipimo, kuamka usiku na kupanda nia walifaulu katika asilimia 17 hivi ya majaribio. Kwa waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kupanda nia, ufanisi ulipanda hadi karibu asilimia 46. Fundisho lake kwa anayeanza ni kwamba kurudi kulala upesi ni sehemu ya mbinu. Ukijikuta macho makavu kwa nusu saa, usiku ule umekwisha, geuka ulale.

Asiyeweza kushika picha akilini anaweza kutumia hisi badala yake. Akiwa amefumba macho, aangalie giza la kope kwa sekunde ishirini hivi, asikilize sauti kwa muda kama huo, kisha ahisi mwili, na kuzunguka hivyo mara kadhaa bila kujitahidi, mpaka usingizi umchukue.

Ipo pia njia ya kuingia ndotoni moja kwa moja bila fahamu kupotea, ambayo inasifiwa sana na vijana. Siipendekezi mwanzoni. Hufaulu mara chache, na mara nyingi humkutanisha mtu na jinamizi: akili imeamka, mwili ungali umelegea kwa usingizi, kifua kinahisi kukaliwa, na pengine kivuli kinaonekana mlangoni. Wengi wetu tulilelewa tukijua hali hii kuwa kazi ya mchawi. Ni ule ulegevu wa misuli niliouelezea awali, uliochelewa kuondoka, na huisha wenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Ikikupata, usipigane. Pumua taratibu, chezesha ncha za vidole vya miguu, au fumba macho uiache ikupeleke katika ndoto.

Ukishajitambua

Mara ya kwanza nilipofaulu, nilimtazama nyanya, nikajua amefariki, nikajua kwamba naota, nikafurahi mno, nikaamka. Yote hayo hayakuzidi sekunde kumi. Msisimko ndio mwizi wa ndoto za kwanza, kwa hiyo jambo la kwanza ni kutulia. Sugua viganja vyako vya ndotoni, ukihisi joto lake. Gusa ukuta, shika udongo, nusa samaki. Kadiri hisi zinavyoshughulika na ulimwengu wa ndoto, ndivyo zinavyosahau kitanda. Picha ikianza kufifia, jizungushe papo hapo kama mtoto anayecheza. Usikodolee kitu kimoja kwa muda mrefu, na kila baada ya muda mfupi jikumbushe kwamba unaota, kwa maana ni rahisi sana kuanza kubishana na mtu kuhusu nauli ukasahau yote.

Kuhusu kuielekeza, ndoto hufuata matarajio kuliko amri. Ukiamuru ngalawa itokee mbele yako, huenda isitokee. Ukitarajia kwamba iko nyuma ya kibanda kile cha ufukweni Dunga, kisha ukazunguka kibanda, mara nyingi utaikuta. Jiwekee jambo moja dogo kabla ya kulala, kama vile kutazama viganja au kumuuliza mtu wa ndotoni swali. Ndoto mbaya inayojirudia pia inaweza kushughulikiwa hapa: badala ya kukimbia, geuka, umuulize anayekufukuza anataka nini. Hata bila kujitambua, kuiandika upya ndoto hiyo mchana kwa mwisho mwingine na kuirudia akilini kila siku ni tiba inayotumiwa na wataalamu.

Wasiopaswa kuendelea

Mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti au ashindwe kutenganisha mambo halisi na yasiyo halisi, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na mwenye tatizo la kusinzia ghafla mchana, waachane na mbinu hizi mpaka wazungumze na daktari. Kukatiza usingizi si jambo dogo kwao. Vilevile, baadhi ya dawa huleta ndoto kali zenyewe, kama vile mefloquine ya kuzuia malaria na efavirenz ya virusi vya Ukimwi. Anayezitumia asiziache kwa sababu ya ndoto; amweleze mhudumu wa afya. Dereva, mwendeshaji wa boda boda na anayefanya kazi kwenye mashine asiamke saa tisa usiku katika siku ya kazi.

Limebaki jambo moja ambalo litakupata mapema kuliko unavyofikiri. Utaamka, utaandika ndoto yako kwa furaha, utaoga, utapanda matatu, na ukiwa karibu na mzunguko wa Kondele utaamka tena, daftari likiwa tupu. Mimi niliwahi kuamka hivyo mara tatu asubuhi moja. Kwa hiyo kila uamkapo, kabla ya kuinua chandarua, ziba pua uvute pumzi.